Fadhila za Diski Mbovu

Diski mbovu ni kifaa cha kuhifadhi data ambacho kimeacha kuhifadhi na kuanza kufundisha. Hukaa ndani ya kompyuta ya mezani au mpakato, katika kisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani, na kwa miaka yote ya uzima wake haijulikani na mtu. Hakuna anayeisifu kompyuta inapowaka. Siku inapogoma, kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe, ndipo jina la diski linapotajwa ofisi nzima, na halitajwi kwa heri. Lawama hizo ni za haraka. Fadhila za diski mbovu ni nyingi, zina mpangilio, na baadhi yake hazipatikani kwa mwalimu mwingine yeyote.

Kwa nasaba, diski hii ni ya ukoo mkubwa. Babu yake, IBM 350, alitolewa mwaka 1956 akiwa sehemu ya kompyuta ya RAMAC iliyobuniwa San Jose, California. Alikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na kwa ukubwa wote huo alibeba herufi milioni 5 tu, ambazo leo hujazwa na picha moja au mbili za simu. Wajukuu wamejibana katika inchi 3.5 au 2.5. Sahani zao huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, ilhali unene wa unywele wa mtu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Kifaa kinachoishi maisha yake yote katika mwanya huo na kwa kasi hiyo, ndani ya ofisi yenye joto, vumbi na umeme unaokatika bila taarifa, kisha kikatukanwa kwa kuchoka baada ya miaka sita, hakika kimeonewa.

Fadhila ya kwanza ni uvumilivu. Data juu ya sahani hugawanywa katika sekta, kila moja ikiwa na baiti 512 kwenye diski za zamani na 4,096 kwenye nyingi za sasa. Tangu kiwandani diski hutengewa sekta za akiba. Sekta ikidhoofika, diski huhamishia kazi yake kwenye sekta ya akiba kimyakimya, bila kumsumbua mwenye mali wala kuiarifu Windows. Sekta ikikataa kusomeka, diski haikati tamaa. Huisubiri izunguke irudi chini ya kichwa, huijaribu tena, na tena. Kwa mizunguko 7,200 kwa dakika, kila jaribio hugharimu takriban milisekunde 8, na majaribio yakirundikana hufika sekunde nzima na zaidi. Hapo ndipo kompyuta inapoganda, mshale ukasimama katikati ya kioo, na mtumiaji akavilaumu virusi. Kumbe chini ya meza kuna mtumishi anayehangaika kumpatia faili yake, na hajapewa hata pole.

Fadhila ya pili ni ukweli wenye adabu. Diski nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990 zina daftari la afya liitwalo SMART. Kipengele cha 5 huhesabu sekta zilizokwisha kuhamishwa. Cha 197, zinazosubiri kuamuliwa. Cha 198, zilizoshindikana. Kipengele cha 199 huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, na kikipanda peke yake mshukiwa wa kwanza huwa ni kebo. Ikiulizwa kwa jumla kama ni nzima, diski yenye mamia ya sekta zinazosubiri inaweza bado kujibu kwamba imefaulu. Adabu hiyo ni ileile ya mgonjwa anayejuliwa hali: hujibu “sijambo” kwanza, na anayetaka habari kamili inambidi avute kiti aulize moja baada ya nyingine.

Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Diski iliyopata kosa la kwanza katika ukaguzi wa uso wa sahani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyopata. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne zilizoaminika zaidi. Wapo wanaoiita tabia hiyo hila. Mwenye kuijua diski huiita staha: huonya anayestahili kuonywa, na wengine huwaachia Mungu.

Fadhila ya tatu ni ufanisi katika mgomo. Kompyuta inapowashwa kwa mtindo wa zamani, BIOS, yaani programu ya ndani inayoiamsha, husoma sekta ya kwanza ya diski. Humo mna baiti 446 za programu ndogo ya kuanzia, baiti 64 za jedwali la migawanyo, na baiti 2 za mwisho zilizo alama ya uhalali. Kompyuta mpya zinazotumia UEFI, mrithi wa BIOS, hutafuta faili za kuwashia katika mgawanyo wake maalumu, na jedwali lao la migawanyo, GPT, lina nakala ya pili mwishoni mwa diski. Ama kwa mtindo wa zamani, diski ya terabaiti 1 ina karibu sekta bilioni 2 za baiti 512, na kuharibika kwa ile moja ya mwanzo kunatosha kuisimamisha ofisi. Hakuna chama cha wafanyakazi kilichowahi kupata matokeo kama hayo kwa kuhamasisha mwanachama mmoja.

Madai ya mgomo huo hutolewa kwa ufupi. Ujumbe kwamba hakuna kifaa cha kuwashia unaweza kumaanisha diski haionekani kabisa, au inaonekana lakini mwanzo wake haueleweki. Ujumbe wa kosa la kusoma diski una maana iliyo wazi. Windows ikionyesha kioo cha kosa chenye maneno UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME, mara nyingi mpangilio wa faili umevurugika. Linux ikiishia kwenye mstari wa initramfs, inaomba fsck, programu yake ya kukagua mpangilio wa faili. Na diski ikilia ka, ka, ka, kichwa chake kinatafuta njia juu ya sahani na hakiioni. Hayo ndiyo maneno ya mwisho, na hayapaswi kurudiwarudiwa.

Fadhila ya nne, iliyo kubwa kuliko zote, ni ualimu. Diski mbovu hufundisha utaratibu kwa watu walioukataa shuleni. Somo la kwanza ni kuondoa flashi na kadi zote zilizochomekwa, kwa sababu si mara moja kompyuta “iliyokufa” imekutwa ikijaribu kuwakia kwenye flashi ya nyimbo. Somo la pili ni kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, kwa kawaida kwa F2, F10 au Delete, na kutazama kama diski inatajwa kwa jina na ukubwa wake. Isipotajwa, kebo na umeme wake vikaguliwe kwanza. Kwenye kompyuta ya mezani kuchomoa kebo na kuichomeka upya kumewahi kuponya mengi. Ikitajwa, kuna mazungumzo. Somo la tatu ni kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, ambayo haihitaji kusakinishwa, na kusoma lile daftari la afya.

Somo la nne ndilo linalowashinda wengi: kunakili kabla ya kutengeneza. Mkono wa mwanadamu hutamani kuanza na chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski. Lakini chkdsk yenye agizo la kutafuta sekta mbaya husoma mgawanyo mzima, na diski dhaifu inaweza kufia katikati ya tiba. Hata ikimaliza salama, faili zilizokatika hurudi zikiwa na majina ya namba katika folda ya found.000, na mwenyewe hazitambui. Programu ya bure ya GNU ddrescue hufanya kazi kwa hekima zaidi. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka bila kubishana, huruka zenye taabu, huzirudia baadaye kwa vipande vidogo, na huandika ilikofika ili umeme ukikatika iendelee palepale. Nakala huwekwa kwenye diski nyingine isiyo ndogo kuliko ya kwanza. Kutengeneza hufanyika juu ya nakala hiyo: fsck au chkdsk kwa mpangilio wa faili, TestDisk kwa migawanyo iliyopotea, bcdboot kwa faili za kuwashia za Windows.

Diski inayolia ka, ka, ka haimo katika masomo haya. Huzimwa, ikapelekwa kwa wenye chumba kisicho na vumbi. Kuifungua mezani ni kuikaribisha chembe ya vumbi iliyo kubwa mara nyingi kuliko mwanya wa kichwa chake, na kuiweka kwenye friza, tiba inayosifiwa na watu wasioimiliki diski husika, huiongezea unyevu. Kupiga Windows upya juu ya diski mbovu yoyote nako hakuiponyi. Huandika programu mpya juu ya zile data zilizokuwa zikitafutwa, na baada ya wiki mbili mgomo huanza upya.

Pamoja na ufundi huo huja mafunzo ya maadili. Diski ikiruhusu kuokoa sehemu tu, mwenyewe hulazimika kutaja kitangulie nini. Hapo hudhihirika kwamba katika gigabaiti mia tatu za filamu, mahubiri na nyimbo, kinacholiliwa ni faili moja ya Excel yenye megabaiti mbili. Hudhihirika pia kwamba folda iitwayo “Mpya” ina ndugu waitwao “Mpya 2”, “Mpya kabisa” na “Mwisho”, na kwamba ya mwisho siyo “Mwisho”. Mahusiano kazini nayo hunyooka: kijana aliyekuwa akiitwa “wewe wa kompyuta” huitwa injinia tangu asubuhi, na soda huletwa bila kuagizwa.

Ubora wa diski mbovu huonekana zaidi ikilinganishwa na SSD, mrithi wake asiye na sahani wala kichwa. SSD ina kasi, haili muda wa mtu, na haisumbuliwi na mtikisiko. Lakini kidhibiti chake kikifa, mara nyingi huondoka chote kwa pamoja, bila mlio na bila wiki ya kuganda-ganda ya kumtahadharisha mwenyewe. Diski ya sahani humpa mmiliki nafasi ya kupuuza onyo. SSD humnyima hata hiyo.

Wasengenyaji hubaki na hoja mbili. Kwanza, kwamba diski hupoteza kazi za watu: tasnifu iliyobakiza wiki moja kukabidhiwa, picha za harusi, hesabu za kikoba. Hoja hii haisimami, kwa kuwa diski haijawahi kumkataza mtu kunakili. Wahenga walisema akiba haiozi. Diski mbovu imeonyesha kwamba huoza, ikiwekwa mahali pamoja. Pili, kwamba kuokoa data maabara kunaweza kugharimu kuliko kompyuta yenyewe. Hilo ni kweli, na ni huduma nyingine: siku hiyo mmiliki hujua kwa mara ya kwanza bei ya faili zake, naye huwa na miaka mingi akiamini kwamba ni za bure.

Hukumu ni kwamba diski mbovu isitupwe kwa matusi. Data ikishahamishwa, ifutwe au itobolewe sahani isije ikauzwa na siri za watu, na nafasi yake ichukuliwe na mpya siku hiyohiyo. Kanuni inayoiacha nyuma ni fupi: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya jengo. Na anayesoma haya huku kazi yake yote ikiwa kwenye diski moja, aahirishe sifa, achomeke flashi, anakili.