Kivuli Kina Mwenyewe

Mtoto wa Mombasa ukimwambia leo tunatoka, kichwani mwake tayari kuna bembea, aiskrimu na mnyama wa kutazamwa kwa kiingilio. Ndivyo alivyolelewa. Jioni zake za Jumapili ni pale Mama Ngina, ufukwe uliokarabatiwa ukazinduliwa upya Mashujaa Dei ya 2019, akila muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu huku meli zikipita kuingia Kilindini. Siku za sherehe ni Haller Park, Bamburi, kulisha twiga na kusimuliwa kwa mara nyingine habari za Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamfanya kobe mzee kuwa mamake.

Basi dada yangu akanipakilia wanawe watatu kwenye basi, likizo ya Aprili, waje Lodwar waone anakoishi mjomba. Hata mabegi hayajashushwa, yule wa kati akanivuta shati. "Mjomba, bustani ya huku iko wapi?"

Nikamtazama mke wangu. Yeye ni Mturkana, kwao Kakuma, na swali lile halikumtia jasho hata kidogo. "Ziko nyingi," akasema. "Kesho." Mimi nikanyamaza. Niliyeoa sibishani na wenye mji.

Tulianzia kilimani, kwenye sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono juu ya mji. Ukitaka kuiona Lodwar yote kwa mpigo mmoja, mahali ni hapo: mabati yanayometameta, vumbi la bodaboda, na Mto Turkwel ukipita na ukanda wake wa kijani. Shida ni kwamba ukichelewa kupanda, jua nalo limeshapanda. Mpwa wangu mkubwa, msichana mwenye simu, aliitoa apige picha. Simu ikamwandikia kwamba imepata joto kupita kiasi, kisha ikajizimia. Yule mdogo naye akapiga hatua; mguu ukaja, soli ikabaki. Raba alizonunuliwa maalumu kwa safari zilikuwa zimeachana na gundi yake. Tuliitazama ile soli juu ya jiwe, pua bado imeelekea kileleni, imeazimia kufika hata peke yake.

Tukashuka sokoni nikamnunulia akala, makubazi ya tairi. Alizigeuza akachunguza meno ya tairi kwa makini. "Hizi ni za gari gani?" Muuzaji akamwambia ni za lori, zimefika Juba na kurudi. Kuanzia hapo mtoto hakutembea tena, alikuwa akiendesha, na kila kona lazima apige honi.

Njiani nikawasimulia habari za Mzee Kenyatta, maana mjomba wa kweli hutoa na somo. Baada ya kifungo alichohukumiwa Kapenguria mwaka 1953, alichokitumikia Lokitaung, Waingereza walimleta hapa Lodwar mwaka 1959 wakamzuia asitoke, hadi 1961 walipomhamishia Maralal. Nyumba aliyokaa ingalipo mjini. Msichana akauliza kwa nini walimleta mbali hivi. Sikujibu. Saa ilikuwa inakaribia sita, hatuna kofia, chupa ya maji imebaki na matone, na nilitaka aipate sera ya mkoloni kwa vitendo. "Ahaa," akasema baada ya hatua chache, akijifunika kichwa kwa kanga ya mama yake.

Mke wangu akaona imetosha. "Sasa twendeni bustanini."

Turkwel inateremka kutoka Mlima Elgon, inafungwa na bwawa kule korongoni, lililokamilika mwaka 1991, halafu kinachobaki kinakuja taratibu kupita Lodwar kwenda Ziwa Turkana. Kandokando yake kuna mikoma na migunga mikubwa, ile ambayo Waturkana huiita ewoi, imetandaza matawi hadi unaweza kuegesha basi chini yake. Watoto walipoona kivuli wakapiga mbio. Tukachagua mti mnono kuliko yote, tukatandika mkeka, tukafungua sambusa.

Hatujamaliza bismillahi, mbuzi wakafika. Mbuzi wa Turkana haombi. Mmoja alikanyaga mkeka, akanusa sahani zote, akachagua sambusa ya mpwa wa kati na kuondoka nayo bila haraka. Nyuma ya mbuzi akatokea bibi kizee, shanga shingoni zimefika kidevuni, mkononi kikapu cha majani ya mkoma alichokuwa akisuka huku anatembea. Akatusalimu, "Ejoka?" Tukaitika, "Ejok." Kisha akakaa kwenye mkeka wetu, akaendelea kusuka, akauliza swali moja. Mke wangu akanitafsiria: "Anauliza ni nani aliyetupa mti wake."

Hapo ndipo wageni wengi hudhani bibi anatania. Hatanii. Huku mtoni miti ina wenyewe. Familia ya Kiturkana huwa na sehemu yake ya ukingo, huiita ekwar, na mipaka yake inajulikana bila uzio wala kibao. Wakati wa kiangazi, majani na maganda ya mbegu ya migunga hiyo ndiyo chakula cha mbuzi, kwa hiyo mgeni akitaka kulisha au kukata tawi anaomba kwanza. Wataalamu wa misitu walikuja kuliandika jambo hili vitabuni mwishoni mwa karne iliyopita, wakistaajabu kwamba nchi waliyodhani haina mpango ina mpango kwa kila shina. Bibi hajasoma vitabu hivyo. Yeye alikuwa anataka kujua sisi ni nani.

Mazungumzo yakachukua muda mrefu. Mke wangu akataja baba yake. Bibi akatikisa kichwa. Akataja babu. Bibi akatulia kidogo. Akataja shangazi fulani aliyeolewa Kalokol, na bibi akapiga makofi, akacheka, akanigeukia mimi na kunitazama kwa huruma, akasema jambo ambalo mke wangu hajakubali kunitafsiria mpaka leo. Kiingilio kikawa tumbako, sukari, na sambusa zilizobaki. Haller Park hukata tikiti getini wakakuacha upite. Hapa tikiti ilikuwa ukoo mzima wa wakwe zangu.

Mpwa wa kati hakupendezwa. Alikuwa na njaa, na sambusa yake ilikuwa inacheuliwa mbele ya macho yake. Akainuka akasema anakwenda kukaa chini ya mti usio na mwenyewe. Upo, tena mwingi: mathenge. Asili ya mti huu ni Amerika ya kitropiki; uliletwa Kenya, ukapandwa sana kwenye nchi kavu miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa. Ulizuia jangwa, ukazuia na njia, malisho na mito. Baringo walichoka nao kiasi kwamba mwaka 2006 wananchi walikwenda mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno, awe ushahidi wa kile maganda yake matamu yanachofanya kinywani. Mpwa wangu hakuijua kesi hiyo. Alijiketisha.

Mlio wake ulisikika ng'ambo ya mto.

Mwiba wa mathenge unaingia tairi la bodaboda, sembuse kaptura ya likizo. Tukamlaza kifudifudi, na bibi, ambaye sasa alikuwa mwenyeji kamili, akautoa kwa kibanio kidogo cha chuma alichokuwa nacho kiunoni. Akampa na sambusa moja, kutoka zile zetu. Yule mdogo akainua mguu kuonyesha akala zake: miba mitatu imejikita kwenye soli na hakuna hata mmoja uliopenya. "Lori," akamwambia kaka yake.

Lakini bembea bado, na walinikumbusha kila jioni. Mwisho wa juma tukapanda gari kwenda Kakuma kwa shemeji, kilomita kama 120 za barabara kuu, tambarare pande zote, ngamia wakiamua lini gari lipite. Kakuma ni mji ulioona dunia bila kusafiri. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, wakati maelfu ya watu, wakiwemo vijana wadogo waliotembea bila wazazi, walipoingia kutoka Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na mwaka 2016 yakaanza makazi ya Kalobeyei pembeni. Ukipita sokoni unasikia redio za lugha tano kabla hujafika kwa muuza mkate.

Shemeji akatupeleka kwanza kwenye mkahawa wa Kihabeshi wenye kivuli cha turubai na nyasi zilizotandazwa sakafuni. Kahawa ya Kihabeshi haitaki haraka: buni zinakaangwa mbele yako, zinatwangwa, ubani unafukizwa, halafu kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Inakuja na bisi. Watoto walimaliza bisi kwenye kikombe cha kwanza, wakaletewa nyingine, wakamaliza, na mama mwenye mkahawa akaanza kumtazama shemeji badala ya kuwatazama wao.

Tukatembea. Kando ya bomba la maji palikuwa na bustani. Nasema bustani kwa haki kabisa, maana ilikuwa na uzio wa matawi ya miba, magunia yaliyojazwa udongo na kutobolewa ubavuni, na kila tundu limechomoza mboga, zikinyweshwa maji yanayomwagika bombani. Eneo lote halizidi mkeka wetu wa Lodwar. Mpwa wa kati, aliyekwisha kupona, akarudi nyuma ili apigwe picha vizuri.

"Weye mutoto! Unakanyanga lengalenga yangu!"

Mwenye bustani alikuwa mama wa Kikongo, na Kiswahili chake kilimfikia mtoto kabla mwenyewe hajafika. Mpwa wangu akaomba radhi kwa Kimvita safi, akasema hakudhani ni bustani, hakuona maua. Mama akamtazama, akamkabidhi dumu tupu la lita ishirini na kumwonyesha foleni ya bomba. Alirudi baada ya muda mrefu, dumu limemlemea upande mmoja, amefundishwa na wenziwe wa foleni matusi ya Kirundi ambayo dada yangu bado anadhani ni wimbo.

Na bembea tukaipata! Ilikuwa ndani ya uwanja wa watoto, minyororo miwili na kiti cha chuma, na foleni iliyozunguka uwanja. Anayesimamia foleni alikuwa msichana wa miaka kama minane mwenye kijiti. Hakuna aliyemteua na hakuna aliyempinga. Kila mtoto anapewa mizunguko ya kuhesabiwa kwa sauti, na ukipitiliza kijiti kinakugusa. Mpwa wangu mkubwa, aliyezoea kupewa nafasi, akaenda mbele akamweleza kwa upole kwamba sisi ni wageni.

Msichana hakugeuza hata kichwa. "Hapa kila mtu mgeni. Shika laini."

Akashika. Zamu yake ilipofika akakalia chuma kilichopikwa na jua tangu asubuhi, akaruka kabla hesabu haijafika mbili, na msichana wa kijiti akatangaza kwamba zamu imetumika.

Tukaanza kurudi kwa shemeji, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya Tarach, mto wa msimu. Asubuhi tuliivuka kwa miguu, mchanga mtupu, mbwa amelala katikati. Juu yetu hakukuwa na wingu. Ila mvua ilikuwa imepiga mbali huko, upande wa milima ya mpakani na Uganda, na tulipofika ukingoni Tarach ilikuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa, unanguruma, umebeba vigogo, madumu na kiti kimoja cha plastiki kilichosimama wima, kinapita kwa heshima zake. Maji haya yameua watu, na hakuna mwenyeji mwenye akili anayeyaingia yakiwa na hasira. Wenyeji hukaa chini.

Kakuma nzima ilikuwa imekaa chini. Wazee walikuja na vigoda vyao vya ekicholong, kina mama na watoto mgongoni, wauza mayai ya kuchemsha na kachumbari wakapita katikati, vijana wakabashiri gogo lipi litafika kwanza kwenye kona. Kiti cha plastiki kilipozama watu wakasikitika, kilipoibuka, wakashangilia. Wapwa zangu walikula mayai, wakapewa pipi na watu wasiowajua, wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyetaja Mama Ngina.

Jioni maji yakalegea, yakashuka hadi kiunoni mwa mtu mzima, na wazee wakasema sasa yanavukika. Papo hapo wakajitokeza mabarobaro wa kubeba abiria mabegani. Kiongozi wao akatupanga mstari.

"Watoto, hamsini hamsini," akasema. "Mama, mia." Kisha akanipima kwa macho kama mbuzi wa mnadani, kuanzia kichwani, akakawia sana kwenye tumbo. "Wewe tutakubeba wawili."

"Kwa hiyo mia mbili?"

"Mia tatu. Mwenzangu mgongo unamsumbua."

Mke wangu akaanza kutaja baba yake, akaenda kwa babu, akafika mpaka kwa yule shangazi wa Kalokol. Barobaro akasikiliza kwa adabu zote na kusema heshima zao ziko palepale, lakini uzito ni uzito. Yule mdogo alikuwa tayari mabegani mwa mtu, akala zake zimening'inia kifuani kwa mbebaji, akipiga honi.

"Mjomba!" akaniita. "Muulize kama hiyo hamsini ni kwenda na kurudi!"