Dokta Mpaka Machi

Hongera, dokta. Tasnifu umeitetea, na mama kijijini ameshatangaza mpaka kwa muuza dagaa. Sasa unatafuta kazi ya utafiti baada ya uzamivu Ujerumani, nchi ambayo kila kitu chake hudumu: magari, madaraja, mashine za kufulia. Kila kitu isipokuwa mkataba wako.

Sheria yao ya mwaka 2007 imekupimia ajira ya muda: miaka 6 kabla ya uzamivu, miaka 6 baada yake. Wa tiba wao wana 9, wabarikiwe. Ukilea watoto, kila mmoja anaweza kukuongezea hadi miaka 2, kwa hiyo anayetaka kumaliza utafiti wake vizuri na azae kwa bidii. Na hata ukifika arobaini na mvi zako, wenyewe bado wanakuhesabu miongoni mwa chipukizi.

Wizara yao ya elimu na utafiti iliwahi kutoa video ya katuni kuhusu Hanna, mwanabiolojia, ikieleza kuwa mikataba mifupi inasaidia mfumo usizibe. Kumbe wasomi ni mafuta ya jana kwenye bomba la sinki! Mwaka 2021 mafuta yakapata ulimi: watafiti kwa maelfu wakajitokeza mtandaoni, kila mmoja na lake, “Mimi ndiye Hanna.” Video ikaondolewa. Sheria ikabaki.

Jioni mama anapiga simu.

“Umepata kazi, baba?”

“Nimepata, mama. Mpaka Machi.”

“Alhamdulillahi. Na Aprili?”