Barua ya Wazi kwa Shirika la Reli: Tunaomba Kibali cha Kuongeza Moshi

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Reli Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUONGEZA MOSHI SINGIDA MJINI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, hongera. Tangu Rais azindue treni ya umeme Agosti 1, 2024, mtu anatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa tatu hadi nne bila kumwachia mwenzake moshi. Nasi hatukusahaulika: reli imeingia mkoani kwetu hadi Makutupora, wilayani Manyoni, na kipande cha kwenda Tabora kinaendelea kukata pori. Digidigi wa vichaka vya Itigi watavuta hewa ya daraja la kwanza. Hatujasikia wakilalamika.

Wenye neno ni sisi wa mjini. Tumekaa kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mwanza, kwa hiyo malori ya Kanda ya Ziwa na Rwanda yanatupitia mlangoni. Ukifika standi, dereva wa basi la Dodoma anapiga resi kusudi abiria wadhani safari imeiva. Moshi mweusi unatua juu ya matenga ya kuku na madumu ya mafuta ya alizeti. Mama anayeuza analifuta dumu kwa pindo la kanga, analigeuza upande uliobaki msafi, anaita wateja. Ndani ya basi hilohilo wamo wanaowahi treni yako isiyotoa moshi.

Tulidhani dawa ni treni, tukaenda kusoma. Kule Taipei, walipofungua treni ya mjini mwaka 1996, kaboni monoksaidi, ile sumu ya kwenye ekzosi, ilipungua kwa asilimia 5 hadi 15, kwa kuwa watu waliacha magari na pikipiki zao. Tukashangilia mapema. Wachumi waliopima miji mingi duniani iliyojenga reli za chini ya ardhi wanasema kwa wastani chembe za moshi hewani hazikubadilika. Zilipungua, kama asilimia 4, kwenye miji iliyokuwa michafu sana tangu mwanzo.

Kumbe tumekosa sifa! Moshi wetu haujafikia kiwango cha kuhurumiwa.

Tunaahidi kujirekebisha. Baiskeli tutazipiga marufuku na punda wa maji watastaafu kwa manufaa ya umma. Kila kijana asiye na bodaboda atajieleza kwa mtendaji wa kata. Kikwazo ni upepo wa Singida, huu ambao wawekezaji wanautamani kwa umeme. Unapeperusha ushahidi wote kabla mkaguzi hajafika. Tutauomba utulie.

Wenzetu wa Dar es Salaam walifuzu zamani. Oktoba 2012 walipewa treni ya abiria ya mjini, iliyobatizwa treni ya Mwakyembe kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, ikivutwa na vichwa vya dizeli. Wapo walioicheka, kwamba unafukuzaje moshi kwa moshi. Mimi sikucheka. Treni ya dizeli iliyojaa watu hadi mlangoni ni daladala kadhaa zisizowashwa asubuhi hiyo. Ubaya wake ni ikienda tupu, au ikiwa daladala zile zimebaki barabarani zikigombea abiria wengine.

Kwa hiyo, wakati moshi wetu unakua, hatuombi makuu. Tawi la reli ya zamani kutoka Manyoni lilishafika hapa mjini. Tuta lipo, stesheni ipo, kinachokosekana ni treni. Tupeni kiberenge cha asubuhi na cha jioni cha kutuunganisha na reli kubwa, na mabehewa machache ya vitunguu na alizeti ili baadhi ya malori yapumzike. Na kama hofu ni ngedere na bundi, mliowataja umeme wa treni ulipoleta hitilafu Julai 2024, kabla ya uzinduzi rasmi, kiberenge cha dizeli hakina waya wa kuchezea.

Mkiona hilo ni gumu, basi kibali kitoke. Kitaje idadi ya bodaboda zinazohitajika, maana mikopo ya pikipiki nayo ina foleni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Singida mjini

Nakala: Digidigi wa Itigi, kwa taarifa.