Kwale Aliyenyonyolewa na Vita vya Vitunguu

Kati ya Simbani na Twigani kuna ua wa minyaa. Haukupandwa na simba wala twiga. Uliwekwa na wageni waliokaa mezani mbali kabisa, wakavuta mstari ulionyooka toka ziwani kwenda baharini. Walipofika kwenye mlima mkubwa mkono ukapinda, kisha wakanyoosha tena. Mlima ukabaki Twigani. Bahati mbaya, ukitaka kuuona vizuri, theluji na yote, huna budi usimame Simbani, na wenyeji wa Simbani hawajaacha kuuza picha zake. Mpaka leo ukitaka kumkasirisha mkazi wa Twigani, mwambie kwamba uliuona mlima wake ulipokwenda kutembea Simbani.

Mengine yote walikuwa nayo pamoja. Walioana, wakazikana. Nyumbu zaidi ya milioni moja walivuka ua kila mwaka kufuata majani na kurudi, bila kumwonyesha yeyote karatasi. Vitunguu vya Twigani ndivyo vilivyokaangwa Simbani, na sabuni za Simbani ndizo zilizofulia Twigani. Nyimbo za harusi za Simbani zilitungwa Twigani. Walimu wa Kiingereza wa Twigani walitoka Simbani. Chifu Simba na Mtemi Twiga walipokutana waliitana ndugu, na picha yao wakishikana mikono ilitundikwa kila baraza.

Naona msomaji ameshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Tulia, hii ni hekaya. Ningekuwa nazungumzia nchi za kweli ningelazimika kusema kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967 ilivunjika 1977, na kwamba Februari ya mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, haikuufungua tena hadi 1983. Ningetaja Oktoba 2017, ng'ombe 1,325 wa wafugaji wa Kenya walipopigwa mnada Tanzania, na vifaranga 6,400 walipochomwa moto baada ya kukamatwa Namanga. Ningetaja mahindi yaliyozuiwa na Kenya Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, na safari za ndege zilizotangazwa kusitishwa Januari 2024 kisha zikaruhusiwa kabla abiria hawajajua wamekasirikia nini. Sitaji. Wanyama wangu hawana serikali, wana wazee tu.

Basi mwaka mmoja Twigani walikuwa wanakaribia kuchagua wazee. Nungunungu akasimama barazani akasema chungu cha kura kina tundu chini, kizibwe kwanza ndipo tupige. Kosa lake ni hilo. Akafunguliwa kesi ya kutaka kumwangusha Mtemi, kesi ambayo adhabu yake haina nusu wala robo. Habari zikaruka ua. Kwale wa Simbani, ndege mwenye mdomo ambaye hata kwao Chifu Simba alishamtia kizuizini zaidi ya mara moja, akasema, "Naenda kusikiliza." Akafuatwa na Korongo, wa kijiji cha tatu upande wa ziwa, ambacho hekaya hii haina nafasi ya kukieleza ila kwamba mzee wake alikikalia kiti kabla wengi wa wakazi wake hawajaanguliwa. Wengine walioshika njia hiyo hiyo, miongoni mwao Bundi aliyewahi kuwa jaji mkuu, walirudishwa langoni kabla hawajakunja mabawa.

Kwale na Korongo waliingia. Kesi hawakuisikia. Walichukuliwa walikofikia, na siku kadhaa baadaye Kwale akaokotwa chini ya minyaa upande wa baharini, Korongo upande wa ziwa, kila mmoja kwenye njia ya kwao, wakiwa hawana unyoya. Kwale akasema amenyonyolewa, akafanyiwa na mengine yasiyosemeka mbele ya watoto. Wazee wa Twigani wakasema huo ni msimu wa ndege kupukutika.

"Na kwani nani aliwaita?" akauliza Mtemi. "Kwao paa linavuja, wanakuja kwetu kukagua vyungu."

Kunyonyolewa kwa Kwale kulikwisha kwa siku chache. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Juu ya ua palikuwa na mti mmoja mkubwa wenye matawi pande zote mbili, na humo ndimo walimokaa chiriku. Chiriku wa Simbani walianza vizuri. Waliuliza: nani amemnyonyoa Kwale, na kwa amri ya nani? Wakatafuta viota vya wazee wa baraza la Twigani, kimoja baada ya kingine, wakavitangaza, na usiku ule kila mzee akapigiwa hodi mpaka akakoma. Akitoa kichwa anakuta foleni ya chiriku wanaoulizia manyoya. Akirudisha kichwa, hodi. Baraza likakutana asubuhi macho mekundu, na ajenda ya kwanza haikuwa Kwale, ilikuwa usingizi wa waheshimiwa. Kwa maoni yangu, usiku ule ndio pekee ambao mkazi wa kawaida aligonga mlango uliostahili kugongwa.

Haukuwa na wa pili. Kulipokucha chiriku mmoja wa Twigani, ambaye naye hakulala kwa zile kelele, akajibu kwa hasira: "Nyie Simbani hata Kiswahili hamjui. Mtu anaingia hotelini anasema 'nipe chai', utadhani anamdai mwenye hoteli!"

"Na nyinyi mnaomba chai mpaka inapoa! Mkisemeshwa Kiingereza mnatafuta mlango!"

"Simbani mtu humla mtu!"

"Twigani hata huyo wa kuliwa hayuko!"

Hayo mawili ya mwisho si mapya. Mababu zao walirushiana hayo hayo enzi zile nilizosema sitazitaja, na chiriku wakayatoa sandukuni bila hata kuyakung'uta vumbi. Kufika adhuhuri ugomvi ulikuwa umeingia kwenye ugali na wali, nani mchoyo na nani mvivu, wimbo wa nani uliibwa na nani. Mlima nao ukaletwa, haukuweza kukosa. Chiriku waliokuwa wamekwenda ng'ambo kutafuta maisha, ambao wana miaka hawajala tunda la pande zote mbili, ndio waliokuwa wakali kupita wote. Jina la Kwale lilisikika kwa mara ya mwisho mnamo saa nne asubuhi.

Kisha ikatoka amri isiyo na mtoaji: kitunguu cha Twigani kisinunuliwe. Nyani mmoja wa Simbani akamwaga gunia zima mbele ya genge lake, akavikanyaga vitunguu huku wenzake wakimpigia makofi. Vilikuwa vyake. Alivinunua jana yake na kuvilipia, na mkulima wa Twigani alikuwa ameshalala na fedha chini ya mto. Twigani hawakukubali kushindwa, wakatoa sabuni za Simbani madukani wakazitupa njiani. Mvua ikanyesha, povu likawafika magotini. Jioni ile Simbani nzima ikala mchuzi mkavu kwa uzalendo. Jioni ya pili wakala tena, kwa uzalendo uliopungua kidogo. Ya tatu harufu ya kukaanga ikatoka nyumba fulani, na hakuna jirani aliyeuliza vimetoka wapi.

Vilitoka kwa Kanga. Kwenye minyaa pana njia ya panya, inayojulikana na wote isipokuwa walinzi, ambao huipita kila siku wakienda kunywa chai. Kanga wa Simbani na Njiwa wa Twigani wamefanya biashara pale tangu mama zao, na asubuhi ya vita hawakuwa na nafasi ya kupigana, walikuwa na mizigo.

"Leo bei imepanda, shoga," akasema Njiwa.

"Imepanda aje na ua ni ule ule?"

"Nyani wenu wamevikanyaga. Vimeadimika."

"Wetu? Na si mwanao ndiye alikuwa juu ya mti akisema tunakula watu?"

"Ndiye. Na wako ndiye aliyesema hatuna cha kula. Nikupimie kiasi gani?"

"Nipe debe moja."

"Sema naomba."

"Naomba, haya. Naomba debe moja, mama." Wakacheka. Kanga akafunga mzigo, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini huko kwenu mnasemaje juu ya Kwale?"

Njiwa akageuka kutazama nyuma kabla ya kujibu. "Huko kwetu hatusemi, dada. Ndiyo maana usiku ule mlipogonga viota tulijifunika shuka tukafurahi. Kulipokucha mkaanza kututukana sisi."

Kanga hakuwa na jibu, akaongeza shilingi kumi.

Huko juu Mtemi Twiga, aliyekuwa amechoshwa na mti, akaamuru matawi ya upande wake yakatwe. Yakakatwa. Chiriku wa Twigani wakachimba mashimo chini ya shina, wakatokea matawi ya Simbani, wakaendelea kuwatukana wenyeji wa Simbani wakiwa wamekaa juu ya matawi yao. Hata tangazo la Mtemi la kukatwa kwa mti lilisomwa kutoka kwenye tawi.

Simbani nao wakasubiri Chifu wao aseme. Walijua atasema. Alikuwa msemaji kupita wote katika historia ya kijiji kile, na safari hii ndege wake alikuwa amerudishwa bila manyoya. Ingekuwa hotuba rahisi kuliko zote. Siku ya maombi ikafika, wakubwa wamekaa kwenye viti vya mbele, Chifu Simba akasimama, akaugeukia upande wa minyaa, akasema: ndugu zetu wa Twigani, kama tumewakosea, tusameheni. Akaomba radhi upande wa ziwa pia. Kisha, kwa kuwa alishaanza, akawaomba radhi na vyura wa kwake, wale vijana waliolia bwawani mwaka uliotangulia kwa sababu ya ushuru, ambao baadhi yao hawakuonekana tena bwawani.

Kwale alikuwa amejifunika kanga kwa baridi. "Kwa hiyo," akauliza, "mimi nimemkosea nani?"

Chiriku wa pande zote mbili walipigwa na butwaa. Mwenye kumbukumbu hakushangaa. Miezi michache kabla ya hapo korongo mmoja mzee, mpinzani wa kijiji cha ziwa, alinyakuliwa akiwa mgeni Simbani na akaibukia kizimbani kwao baada ya siku chache. Kipepeo wa Twigani aliyekimbilia Simbani kwa usalama alibebwa na wasiojulikana mchana, akaachiliwa usiku. Hakuna Mtemi aliyeteta na Chifu juu ya hayo, wala Chifu na mzee wa ziwani. Nasema waziwazi: uhusiano uliokuwa umeharibika ni wa chiriku. Wa wazee haujapata kuwa mzuri kiasi kile, na kila tusi la ugali na wali lililorushwa juu ya ua lilikuwa swali moja pungufu barazani, huku na kule. Wazee hawakuwatuma chiriku kutukanana. Waliwaacha tu, kwa raha zao.

Baada ya miezi miwili Mtemi akatoa orodha ya kazi 15 ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya Twigani: kutengeneza simu, kutuma pesa, saluni, kuongoza watalii na nyinginezo. (Mwenye kupenda kulinganisha na atafute agizo la Tanzania la Julai 2025, idadi ni hiyo hiyo, na ni bahati tu.) Kima wa Simbani, aliyekuwa na saluni yake sokoni Twigani miaka mingi, akafunga vitana vyake kwenye kitambaa. Twigani wakashangilia kwa jioni nzima, asubuhi wakaanza kutafuta wa kuwasuka. Simbani wakadai nao waandike orodha yao, wakagundua kwamba wakiwafukuza wa Twigani wote hakutabaki wa kuimba harusini. Wazee wa biashara wa vijiji viwili wakakutana, wakanywa chai, wakatoa tamko kwamba uhusiano ni imara na wa kihistoria. Nyumbu walivuka majira yao yalipofika. Walikuwa hawajasikia lolote.

Kwale manyoya yameanza kuota, ya kifuani kwanza. Yeye na Korongo wamepeleka shauri lao kwenye baraza la pamoja la vijiji vyote, ambalo ndilo lenye haki ya kumuuliza mzee yeyote. Makao ya baraza hilo yako Twigani, katika mji wenye mnara wa saa. Shauri ni la wazi na kila mmoja anaruhusiwa kwenda kulisikiliza. Msomaji ukienda, beba shuka. Walinzi wa langoni ni wale wale.