Kibla ya Sebuleni

Usukani wa boti uliingia nyumbani kwetu Mwananyamala kwa bajaji, siku ambayo mimi nilikuwa nasubiri geti. Dereva kaukumbatia upande mmoja, mume wangu, Baba Nasra, upande wa pili, na nguzo yake ya alumini, inayomfika mtu kiunoni, imelazwa kwenye kiti cha abiria na kufungwa kwa kanga yangu. Nikauliza geti liko wapi. Nikaambiwa niwapishe mlangoni kwanza.

Boti yenyewe ni ya tanga, ya faiba, waliyoinunua Baba Nasra na mdogo wake kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Imetia nanga Msasani, katikati ya mashua na ngalawa za wavuvi. Ngalawa haina mambo mengi: nahodha anakaa tezi, anashika kana, safari inaendelea. Hii yao ina usukani wa duara uliosimama juu ya nguzo, ndani ya nguzo mna mnyororo, na kutoka kwenye mnyororo nyaya zinapita chini ya sakafu mpaka nyuma. Sasa kusi likishika, mtu aliyesimama pale akiyumba hukamata kilicho karibu, na kilicho karibu ni usukani. Boti inageuka naye. Shemeji yangu alifanya hivyo hivyo walipokuwa wanakwenda Mbudya. Tanga likahama upande kwa kishindo, na sufuria yangu ya pilau, ile kubwa ya shughuli, ikaenda chini na pilau yake.

Ndipo ikatolewa hoja ya kinga. Kinga ni bomba lililopindwa umbo la U iliyogeuzwa, miguu yake inafungwa kwa bolti kwenye sakafu ya boti mbele ya usukani, na kule juu linashikana na nguzo. Mtu akiyumba ashike bomba, usukani uachwe na kazi yake. Tena bomba likiwa na uwazi ndani, nyaya za umeme zinapita humo, na juu yake unafunga vyombo: dira, kipima kina, jipiesi. Kwa maelezo sikuwa na neno. Neno langu lilikuja nilipoona bomba linalopimwa uani ni lile nililonunua mimi kwa ajili ya geti.

"Litabaki," alisema Baba Nasra.

Fundi wa kulipinda alikuwa ndiye yule yule fundi wa geti, kijana mwenye mikono mizuri na asiyemkatalia mteja kitu. Bomba ukilipinda tupu linabonyea penye kona, kwa hiyo alilijaza mchanga, akaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mbao, ndipo akalipasha moto. Lakini mchanga huo lazima uwe mkavu kabisa, kwa sababu ukiwa na maji ndani ya bomba lililozibwa, mvuke wake utafyatua kizibo kimpate mtu usoni. Mei ni mwezi ambao masika haijaamua kuondoka, na mchanga wote mtaani ulikuwa umelowa. Basi mchanga wa Baba Nasra ulikaangwa. Ulikaangwa kwenye karai langu la maandazi, juu ya jiko langu la mkaa, na fundi akiugeuza kwa upawa kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwa mpishi yeyote wa kiume.

Kona zilitoka safi, hilo nalikubali. Wakachomelea, wakapiga grinda mpaka jirani akaja kuuliza tunavunja nini, wakapaka rangi ya silva. Ukiitazama kwa mbali ungeapa ni stenlesi. Kwa kuwa Msasani ukiacha kitu ufukweni usiku asubuhi unakikuta kwa mwingine, kila kitu kilifungwa kwanza hapa hapa sebuleni, juu ya ubao: nguzo, usukani, kinga, na vyombo vikaanza kupandishwa kimoja kimoja. Televisheni ikasogezwa. Watoto wakawa wanatazama katuni kupitia katikati ya usukani.

Dira ilikuwa ya mwisho. Ilikaa vizuri kati ya mabega mawili ya kinga, ila sahani yake ya namba ikaegemea upande mmoja. Baba Nasra alisoma kijitabu chake akatufafanulia kuwa hiyo si kasoro. Sumaku ya dunia haivuti kwa ulalo tu, inavuta na kwa kuinamisha: kule Ulaya ncha ya kaskazini ya sindano huvutwa chini sana, kwetu kusini mwa Ikweta ncha inayovutwa chini ni ile ya kusini, kwa zaidi ya digrii 30. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya, ukiileta Dar es Salaam, inachechemea. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli na ndiyo yaliyotuponza, maana mtu akishaeleza vizuri jambo moja, nyumba nzima humwamini kwa la pili.

La pili lilikuwa hili. Mama mkwe wangu, Bi Mkubwa, anasali pembeni mwa sebule hiyo hiyo, na msala wake umekaa pale miaka yote, umenyooshwa na ukuta. Baba Nasra akachungulia dira, akautazama msala, akachungulia tena.

"Mama," alisema kwa upole, "kibla yako imepinda."

Bi Mkubwa alikuwa anachambua choroko. Hakuinua uso. "Imepindwa na nani?"

Ni vema mjue kwamba kwa mtu wa Dar es Salaam hesabu ya kibla ni nyepesi kuliko ya watu wengi duniani. Mji wetu na Makka karibu tunakaa kwenye mstari mmoja wa longitudo, sisi digrii 39 na kidogo, wao karibu 40. Ukitoka hapa ukaenda kaskazini moja kwa moja, kilomita kama 3,100, utakuwa umekosea kwa digrii moja tu hivi. Kwa hiyo kaskazini ya dira ndiyo kibla, na dira ya Baba Nasra ilisema kaskazini iko zaidi ya digrii 20 pembeni mwa alikokuwa anaelekea mama yake.

Angeishia hapo ingekuwa siri ya nyumbani. Lakini msala ule ulinyooshwa kwa kufuata mihrabu ya msikiti wetu wa mtaani, na msala ukiwa umepinda, basi na msikiti. Baada ya Isha akabaki nyuma na wenzake wawili watatu akawaeleza. Sikuwepo, ila kesho yake nilipokwenda dukani kununua sabuni, muuzaji aliniuliza kama ni kweli mume wangu ameleta kipimo kutoka Ulaya.

Ustadhi wa madrasa akaja mwenyewe kuhakikisha, na simu yake yenye programu ya kibla. Tukamkaribisha, akanywa chai, akasimama mbele ya ule usukani, akaweka simu juu ya kinga kando ya dira. Simu ikakubaliana na dira. Nilimwona Baba Nasra anavuta pumzi. Ustadhi alikunja uso, akasema jambo la ibada haliamuliwi kwa haraka, na kwamba tungoje tarehe 28 Mei.

Siku hiyo, na tena katikati ya Julai, jua hupita utosini mwa Makka. Wakati huo ukisimamisha kitu wima popote jua linapoonekana, kivuli chake kinaipa Makka mgongo sawasawa. Na saa zetu na zao ni zile zile: saa sita na dakika 18 mchana. Mpaka siku hiyo mtaa wetu ulikuwa na kibla mbili, ya msikiti na ya kwetu sebuleni, na wapo waliokuwa wanakuja "kumsalimia Bi Mkubwa" huku macho yao yakitafuta dira.

Siku ilipofika kulikuwa na wingu. Fundi alitundika timazi yake kwenye msumari wa barazani, uzi ukatulia. Walikuwepo Ustadhi, wanaume wa jirani, watoto wa madrasa, na mwuza maji aliyeacha mkokoteni wake njiani. Dakika ya 15, wingu. Dakika ya 17 likapasuka, kivuli chembamba cha uzi kikalala juu ya vigae, na kikalala sambamba na ukuta wa sebule, ukuta ule ule uliounyoosha msala. Hakikutoka hata upana wa kidole. Hakuna aliyesema kitu. Kutoka ndani ikasikika sauti ya Bi Mkubwa ikiuliza kama tumemaliza, anataka kuanika choroko zake hapo barazani.

Aliyekamata mwizi ni Nasra, wa kidato cha pili. Alichukua ile sumaku ya kwenye friji yenye picha ya nanasi akaigusisha kwenye kinga. Ikanata. Akachukua simu ya Ustadhi akatoka nayo uani: kibla ikarudi msikitini. Akaingia nayo mpaka penye kinga: kibla ikahama. Simu nayo ina kidira chake ndani, na chuma cha geti hakijali dira ni ya bei gani.

Hili si jambo geni, ila ni geni kwetu. Mitepe, vyombo vya kale vya Lamu na Pate, ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, na wageni wa zamani walidai eti ni kwa kuogopa mawe ya sumaku yaliyo chini ya bahari. Hadithi tu. Tabu ya kweli ilikuja na meli za chuma: mwaka 1838 Mwingereza George Airy alipewa meli iitwayo Rainbow ambayo dira yake ilikuwa inasema uongo, akairekebisha kwa kupanga sumaku nyingine karibu nayo. Baba Nasra aliposikia hayo aliuliza kama na sisi tungeweza kupanga sumaku. Nikamwambia sumaku ya nanasi inarudi kwenye friji.

Madukani Gerezani, kutafuta bomba jingine, nilikwenda naye, na sumaku niliishika mimi. Muuzaji alitoa bomba la kwanza, akaapa ni stenlesi. Likanata. La pili likanata. Alipoona simtanii akaingia nyuma ya duka akatoka na la tatu, aina ya 316, ile inayovumilia chumvi, na sumaku ikateleza juu yake bila kushika. Bei yake sitaitaja, maana ndiyo geti lenyewe. Kinga mpya iko Msasani, dira imeinuliwa juu ya vyombo vingine, spika ya redio imehamishwa, na nyaya zimesokotwa mbili mbili kwa sababu hata umeme unaopita kwenye waya ulionyooka peke yake unaisukuma sindano. Jipiesi ndiyo pekee isiyojali. Inasikiliza setilaiti, mambo ya chuma hayaihusu.

Ile kinga ya kwanza ilibaki uani inaota kutu mpaka Bi Mkubwa alipoiulizia. Magoti yanamsumbua, na bafuni hana pa kushika. Fundi akaja na drili na simenti, akaisimamisha kando ya ndoo, akaitikisa kwa nguvu zake zote isitikisike. Kisha akamwuliza, "Bibi, nikuwekee na mahali pa dira?"

"Toboa, mwanangu," alisema Bi Mkubwa. "Ukimaliza uende kwa mama Nasra, anakudai karai."