Barua ya wazi: Naomba kuandikishwa kama ngazi

Mosocho, Kisii

Kwa Meneja wa Rasilimali Watu,
Kampuni ya kebo (jina mnalijua, limeandikwa mgongoni mwa fulana niliyoivaa)

KUH: OMBI LA KUHAMISHWA KUTOKA UPANDE WA WATU HADI UPANDE WA RASILIMALI

Mheshimiwa Meneja,

Pokea salamu za heshima kutoka juu ya nguzo ya tatu ukishapita soko la Mosocho, kwenye barabara ya Kisii kwenda Kisumu. Huku juu pametulia na mtandao unashika vizuri, kwa hiyo nimeona nikuandikie kabla mvua ya saa tisa haijafika.

Kwanza hongereni kwa CBA mpya, mkataba wa pamoja kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi. Nimeiona picha kwenye ubao wa matangazo: wewe na katibu wa chama mmeshika kisu kimoja mnakata keki kama maharusi, na nyuma yenu wanatabasamu wafanyakazi wa kudumu. Nikausoma mkataba wenyewe ukurasa kwa ukurasa, wima, kwa kuwa viti vya pale ni vya hao wanaotabasamu. Marupurupu ya nyumba yamepanda. Nauli ya likizo ipo. Bima ya matibabu inamfikia mke na watoto. Mfanyakazi akifiwa ana siku zake za kulia, na akifa yeye mwenyewe kampuni itanunua jeneza na kulipia gari la kumfikisha kwao. Kisha ukurasa wa mwisho pana aya ya mistari miwili isemayo kwamba yote hayo hayamhusu aliyeajiriwa kwa muda usiofika miezi mitatu.

Aya hiyo ndiyo mimi.

Mkataba wangu ni wa siku 84. Nafanya kazi wiki 12, wiki moja nakaa nyumbani nikihesabu migomba, kisha mnanipigia simu nije niandikwe. Nimeandikwa mara 36. Ni miaka 9 sasa, na kila baada ya wiki 13 mimi ni mgeni katika kampuni hii. Mnanipa karatasi ya kumkaribisha mfanyakazi mpya, mnanionyesha choo kilipo, mnanifundisha kupanda ngazi. Mafunzo mawili ya mwisho niliyatoa mimi mwenyewe, maana mkufunzi mliyemleta alikuwa anaogopa kimo. Tulipomaliza mkanipa fomu nitie sahihi kwamba nimefunzwa na nimeelewa.

Kila mara mnataka pia picha mbili za pasipoti na cheti kipya cha tabia njema. Mkizipanga picha zangu zote kwa foleni mtaona paji la uso likipanda kilima mwaka hadi mwaka. Cheti ni shilingi 1,050 kwa bei ya leo. Zidisha kwa 36, wewe ndiwe mwenye kikokotoo. Pale Huduma Centre mjini Kisii kijana wa alama za vidole ananiita kwa jina. Tatizo ni vidole vyenyewe. Faiba ni kioo, uzi mwembamba kama unywele, na miaka yote hii ya kuukata na kuuunga imenichanja ncha za vidole hadi mashine inakataa kuamini kwamba hapo pana mtu. Nilimwambia yule kijana asiilaumu mashine, pengine imesoma mkataba wangu.

Sheria naijua kidogo, Mheshimiwa, na najua ninyi mnaijua sana. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, humtazama kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo na kumhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Ndiyo sababu hamkuniita kibarua. Mkaniita mshirika wa nyanjani. Kifungu cha 42 kinataka muda wa majaribio usizidi miezi 6, na ukiongezwa, iwe mingine 6 kwa ridhaa yangu. Mimi nina majaribio ya siku 84 ndani ya ajira ya siku 84. Likizo ya mwaka ya siku 21 huja baada ya miezi 12 mfululizo, na huo mfululizo ndio mnaoukata kila wiki ya 13, kwa ustadi kuliko ninavyokata faiba.

Ugonjwa nao una ratiba. Kifungu cha 30 humpa mtu siku 7 za kuugua kwa mshahara kamili akishatimiza miezi 2 mfululizo kazini. Kwa hesabu yangu, basi, ninaruhusiwa kuumwa katika siku 24 hivi za mwisho wa kila mkataba. Nimejitahidi kadiri ya uwezo wangu. Lakini malaria ya mwaka jana haikuuliza, ikanijia siku ya 19, nikapanda nayo nguzoni tukatetemeka pamoja, na mteja akanisifu kwa bidii kwa sababu alidhani naharakisha.

Amu yangu, omogaka, yaani mzee, anayeheshimika hapa Mosocho, alikuwa fundi wa laini wa Posta na Simu siku zile kabla shirika halijagawanywa mwaka 1999. Kazi yake ni hii yangu: nguzo, waya, mvua. Akiniona nashuka huniuliza, "Mwanangu, bado hawajakuandika tu?" Namjibu wameniandika mara 36. Hucheka hadi akashika mbavu. Anadhani natania.

Sasa nije kwenye ombi. Siombi kazi ya kudumu. Nimeliomba hilo mara nyingi na kila mara nimeambiwa niandike barua nikiwa mfanyakazi, kisha majibu yakaja nikiwa nyumbani. Naomba kitu rahisi zaidi. Naomba niandikishwe kama ngazi.

Nimeifikiria sana ngazi mliyonikabidhi, ile ndefu ya faibaglasi. Imo katika daftari la mali tangu siku iliponunuliwa, na haijawahi kufutwa kwa wiki moja ikaandikwa upya. Ina namba. Ina bima. Kila robo mwaka huja mtu kutoka makao makuu kuikagua: hupapasa kipago kimoja kimoja, hutikisa viungo, huinama kuchungulia miguu yake, akaandika. Mimi kiuno kinaniuma tangu 2021 na hakuna aliyekuja kunitikisa.

Halafu haipandi bodaboda. Waraka wenu unasema mali ya kampuni isafirishwe kwa gari, basi ngazi hulazwa kwenye pikapu, ikafungwa kamba mbili na kuwekewa gunia isikwaruzike, nami naifuata nyuma kwa boda, kwa nauli yangu, tukutane Nyakoe. Kuna siku tulisimama pamoja kwenye foleni ya magari, ngazi kivulini chini ya turubai, mimi juani nyuma ya mtu aliyebeba kuku watatu. Nilihisi inanitazama kwa huruma.

Ubavuni ina kibandiko cha walioitengeneza: isitumike wakati wa radi. Hapa kwetu Gusii radi si habari, inapiga alasiri kama kengele ya shule. Wingu likitanda upande wa Nyamira, msimamizi hupiga simu mara moja kuuliza kama ngazi imeshashushwa. Mimi nimekagua mwili wangu wote, mbele na nyuma kwa msaada wa mke wangu, na sikuona kibandiko.

Usiku ngazi hulala stoo, chini ya bati lisilovuja, kwa kufuli mbili. Sheria ile ile, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa au pesa ya kutosha ya kodi. Ngazi hamkuipa pesa, mmeijengea kabisa.

Na kitu ninachoionea wivu kuliko vyote: kila mwisho wa mwaka mhasibu huiandikia uchakavu. Hufungua kitabu na kukiri, kwa takwimu, kwamba kazi imeipunguza ngazi hii, kwamba si ile iliyokuja mwaka ule. Nami ningependa vitabu vikiri hivyo. Hata kama hakuna shilingi itakayofuata, iandikwe tu mahali fulani kwamba nimechakaa na kwamba mliona.

Sitawasumbua. Nitasimama nikisimamishwa na nitaegemea ukuta nikiegemezwa, jambo ambalo tayari nalifanya siku ya mshahara. Namba nigongwe bega la kushoto, la kulia lina kovu.

Mwaka huo huo wa malaria ngazi moja ilidondoka kutoka kwenye pikapu. Ikaundwa kamati ya watu 3, wakaja, wakapima, wakaandika ripoti ya kurasa 4 na kumhoji dereva mara mbili. Mwezi uliofuata alidondoka mwenzangu. Simu ya kwanza kutoka ofisini iliuliza, "Ngazi iko salama?" Nilijibu iko salama. Nilikuwa nimempakata kichwa chake mapajani, mvua inanyesha, na nilijibu kwa adabu kwamba iko salama. Hiyo ilikuwa siku ya 77 ya mkataba wake. Siku ya 84 mkataba ulikwisha yeye akiwa kitandani na mguu umening'inizwa, na siku ya 92 simu haikulia. Sheria ya fidia ya wanaoumia kazini, nayo ya 2007, haimuulizi majeruhi mkataba wake ni wa siku ngapi. Ninyi mlimuuliza. Tukachanga sisi, watu wa siku 84, na aliyekuwa hana akauza jogoo, ndipo hospitali ikamwachilia. Mwenzangu huyo anajua rangi zote 12 za nyuzi za faiba gizani, kwa kuzihesabu tu, na sasa anauza ndizi kandokando ya barabara huku faiba aliyoivuta yeye ikipita juu ya kichwa chake. Mnaona haya kweli? Mkilala mnalala?

Niwie radhi, Mheshimiwa. Upepo wa huku juu humkwaruza mtu sauti.

Nilikuwa naelekea kusema kwamba kama nafasi za ngazi zimejaa, niko tayari kuwa kebo. Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya Bahari Hindi na mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima, mama mmoja wa hapa Mosocho aliniamuru nipande nguzo iliyo nyuma ya jikoni lake nione huko baharini kumetokea nini. Nilipanda, mteja ni mteja. Baadaye nikajifunza kwamba kebo ikikatika huko chini hutumiwa meli nzima, yenye wataalamu na wapishi, wakaitafuta vilindini, wakaiinua polepole, wakaiunga na kuirudisha kitandani. Hakuna aliyeiuliza imebakiza siku ngapi.

Maombi mengine ni madogo. Buti mlizonipa, naomba zote mbili ziwe saizi moja. Jina langu liandikwe sawasawa angalau katika mkataba mmoja. Chai ya saa nne isihesabiwe katika marupurupu. Fulana za Mei Mosi, zile za "Mfanyakazi Kwanza", msituazime tu tukaandamana nazo kisha tukatakiwa kuzirudisha kesho yake zikiwa zimefuliwa. Keki ijayo mtubakizie hata makombo.

Kwa katibu wa chama sina mengi. Chama chake kilitambuliwa, kama sheria inavyotaka, kwa kuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Sisi hatukuhesabiwa katika nusu hiyo wala katika ile nyingine. Nilipomuuliza alisema tungoje mazungumzo ya mkataba ujao, na akanikumbusha niwe hai.

Hilo la kuwa hai nimelifikiria pia. Likitokea la kutokea, naomba mfikirie jeneza na gari. Wazee wetu hawapendi maiti kuchelewa njiani, na kuna uwezekano mkubwa nikafa katika ile wiki ya 13.

Mkataba wangu wa 36 unakwisha Ijumaa. Barua hii nitaileta kwa mkono Jumatatu, na kwa kuwa Jumatatu sitakuwa mfanyakazi wenu, mlinzi wa lango ataniandika katika kitabu cha wageni, ataniuliza namba ya kitambulisho na ninakuja kumwona nani. Tafadhali mwambie mapema asinipekue sana, ni mtu tuliyechimba naye mashimo ya nguzo.

Ngazi nitaiacha stoo Ijumaa jioni. Nitakuwa nimeipanguza matope.

Wako mtiifu,
Mshirika wa nyanjani, siku ya 80