Kopo Lisiloisha

Shemeji yangu humeza vidonge vinne kabla ya chai: cha nywele, cha kucha, cha kinga, na kimoja ambacho hata yeye keshasahau ni cha nini. Kauziwa na mwenzake wa kikoba, naye anasaka watu watatu apande cheo. Namuuliza, "Shemeji, utaacha lini?" Ananikodolea macho kama nimemuuliza ataacha lini kusali. "Nikiacha nitajuaje kama vilikuwa vinanisaidia?"

Ushahidi anao chooni: mkojo wa njano ya kung'aa. Hiyo ni vitamini B2, shemeji, inakuaga. Ile C ya miligramu 1,000 nayo, mwili ukishachukua zake kama 90, nyingi inaifuata hukohuko. Vitamini A ndiyo haijui kuaga. Hujazana kwenye ini kama mgeni aliyekuja na godoro.

Uani kwake mpera umezaa hadi popo wamekinai. Pera moja lina C kushinda chungwa, ila halina kifuniko cha dhahabu.

Juzi kapimwa damu, kaambiwa anachopungukiwa ni madini ya chuma tu, ameze vidonge vyake miezi mitatu kisha apimwe tena. Kavikataa. Eti dawa rahisi vile itakuwa na nguvu gani?